Mwalimu Nyerere na deni la msomi: Kutoka Makerere hadi kilima cha Chimwaga

Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Baba wa Taifa na Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, anakumbukwa zaidi kwa kuongoza harakati za uhuru, kuasisi Muungano na kupigania ukombozi wa Bara la Afrika. Upo hata hivyo upande mwingine wa maisha yake ambao una uzito wa pekee kwa maelfu ya vijana wanaosoma katika vyuo vya Dodoma na Kanda ya Kati kwa ujumla. Ni upande wa mwanafunzi wa bweni aliyekuwa mwalimu, kisha Mkuu wa Chuo Kikuu, na ambaye akiwa Rais alilazimika kusimama mbele ya wanafunzi waliokataa kile alichoamini kuwa ni wajibu wao.

Katika hatua zote hizo, suala moja halikumtoka: Msomi anadaiwa nini na wananchi ambao hawakupata nafasi ya kusoma? Aliliuliza akiwa kijana, akalifanya sera akiwa kiongozi, na kwa ajili yake akachukua uamuzi ambao bado unajadiliwa katika kumbi za mihadhara.

Mtoto wa Butiama na safari ya kutafuta elimu

Mwalimu Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922 katika kijiji cha Butiama, Musoma, akiwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Bibi Mugaya. Ingawa alikuwa mtoto wa mtemi, malezi yake hayakuwa ya anasa. Alichunga mifugo na kushiriki kazi za shamba kama watoto wengine wa kijiji, na hakuanza shule hadi alipotimiza umri wa miaka 12, mwaka 1934, alipopelekwa katika shule ya Mwisenge mjini Musoma.

Kuchelewa huko hakukumzuia kusonga mbele. Alionesha uwezo mkubwa darasani, na mwaka 1937 alijiunga na Shule ya Serikali ya Tabora, ambayo kwa wakati huo ndiyo iliyokuwa kilele cha elimu kwa Waafrika wa Tanganyika. Shule hiyo iliendeshwa kwa kufuata mfano wa shule za bweni za Uingereza, ikiwa na viranja, mabweni na nidhamu kali, na lengo lake lilikuwa kuandaa watoto wa watemi na vijana wachache waliochaguliwa ili waje kuwa wasaidizi wa utawala wa kikoloni.

Hapo Tabora, katika uwanda wa kati unaopitiwa na Reli ya Kati kabla ya kufika Ziwa Tanganyika, kijana kutoka Mara alikutana na wenzake kutoka kila pembe ya nchi. Kiswahili kiliwaunganisha nje ya darasa na Kiingereza kiliwashindanisha ndani yake. Miongoni mwa marafiki aliowapata ni Andrew Tibandebage, ambaye walishirikiana katika midahalo na ambaye baadaye alikuja kuwa balozi wa Tanzania huru. Tabia ya kujenga hoja, kumsikiliza mpinzani na kumjibu bila kumtusi, ambayo Watanzania waliizoea katika hotuba zake, ilianza kukomaa katika miaka hiyo.

Makerere: Ukumbi wa kwanza wa siasa

Mwaka 1943, mwaka mmoja baada ya kufariki kwa baba yake, Nyerere aliingia Chuo cha Makerere mjini Kampala, Uganda, kusomea ualimu. Makerere haikuwa bado chuo kikuu kamili, lakini ndiyo iliyokuwa taasisi pekee ya elimu ya juu kwa Waafrika wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Kijana wa Tanganyika aliyefika hapo alikuwa mmoja wa wachache sana waliochujwa kutoka katika kundi ambalo lenyewe lilikuwa dogo.

Maisha ya chuoni hapo yalikuwa na mambo mawili yasiyokwenda pamoja. Kwa upande mmoja, mwanafunzi alipata bweni, maktaba, walimu waliosoma katika vyuo vikuu vya Ulaya na heshima ambayo wazazi wake hawakuwahi kuiona. Kwa upande mwingine, alijua kuwa hata akifaulu kwa kiwango cha juu, mbele ya utawala wa kikoloni atabaki kuwa Mwafrika mwenye mshahara wa Mwafrika. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa ikiendelea, na maelfu ya askari kutoka Afrika Mashariki walikuwa wakipigana kwa ajili ya uhuru wa mataifa mengine.

Wapo wanafunzi walioitumia Makerere kama ngazi ya kupandia kwenda kwenye kazi za ofisi na kuishia hapo. Nyerere alichagua njia nyingine. Akiwa na Tibandebage na Hamza Mwapachu, alianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika waliokuwa chuoni. Shabaha ya chama hicho ilikuwa kuwakusanya wanafunzi ili wafikirie hali ya watu wao, na baada ya muda waanzilishi wake waliona ni busara kuwa tawi la Chama cha Waafrika kilichokwishaenea katika miji ya Tanganyika, kuliko kubaki kikundi cha wasomi peke yao.

Uamuzi huo unaweza kuonekana mdogo, lakini ndani yake mna msimamo uliomwongoza maisha yake yote. Wasomi hawakutakiwa kuwa na chombo chao kilichojitenga. Walitakiwa kuingia katika chombo ambacho karani, mfanyabiashara mdogo na mkulima wangeweza pia kuwa wanachama wake. Miaka kumi baadaye chama hicho hicho ndicho kilichogeuzwa kuwa TANU.

Akiwa Makerere, Nyerere alishiriki pia mashindano ya uandishi wa insha na kushinda kwa maandishi yaliyozungumzia kudhulumiwa kwa wanawake, akitumia mawazo ya mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill kuichambua jamii aliyotoka. Ikumbukwe kuwa Makerere aliyoingia ilikuwa ya wanaume watupu. Wanawake wa kwanza walipokelewa mwaka 1945. Mtoto wa mtemi mwenye wake wengi alitumia kalamu yake ya uanafunzi kuhoji mzigo alioshuhudia mama yake na mama zake wengine wakiubeba.

Mwezi Desemba 1943, wakati wa likizo ya mwaka wake wa kwanza chuoni, alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kuchukua jina la Julius. Alihitimu mafunzo ya ualimu mwaka 1945 na kurejea Tabora, ambako alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria kuanzia mwaka 1946. Ni kazi hiyo ya darasani, na si cheo chochote cha siasa, iliyompa jina ambalo Watanzania wanalitumia hadi leo: Mwalimu.

Edinburgh na kurudi nyumbani

Mwezi Aprili 1949 Mwalimu alisafiri kwenda Uingereza kwa ufadhili wa masomo, na mwezi Oktoba mwaka huo akaanza masomo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kusoma katika chuo kikuu cha Uingereza. Alisoma historia, uchumi wa siasa, elimu ya jamii za watu, sheria ya katiba, falsafa ya maadili na fasihi ya Kiingereza, na mwaka 1952 akatunukiwa shahada ya M.A., ambayo kwa utaratibu wa vyuo vikongwe vya Scotland hutolewa kama shahada ya kwanza.

Edinburgh ilimpa kitu ambacho Makerere isingeweza kumpa, yaani nafasi ya kusoma na kutafakari bila kuwa chini ya macho ya utawala wa kikoloni. Aliandika kuhusu tatizo la ubaguzi wa rangi katika Afrika Mashariki na alijiunga na waliopinga mpango wa Uingereza wa kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa shirikisho lililotawaliwa na walowezi. Wakati huohuo alijifunza kuwa katika Uingereza yenyewe walikuwapo watu waliouona ukoloni kuwa ni dhuluma. Hilo lilimsaidia baadaye kuendesha harakati za uhuru bila kuwachukia watu kwa sababu ya rangi zao.

Aliporudi, shahada yake ingeweza kumfungulia milango ya maisha ya utulivu. Mwaka 1953 alifunga ndoa na Mama Maria na kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwezi Aprili mwaka huo alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, na tarehe 7 Julai, 1954 chama hicho kikawa TANU. Mwezi Machi 1955, baada ya kurejea kutoka Umoja wa Mataifa mjini New York alikokwenda kuwasilisha madai ya Watanganyika, alitakiwa kuchagua kati ya kazi ya ualimu na siasa. Alijiuzulu ualimu, akaacha mshahara wa uhakika na kurejea kwa muda Butiama akiwa na familia changa ya kutunza.

Chuo Kikuu cha kwanza na mgogoro wa 1966

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, wasomi wake walikuwa wa kuhesabika. Kwa hesabu ambayo Mwalimu mwenyewe alizoea kuitoa, nchi ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Miezi miwili kabla ya uhuru, Oktoba 1961, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu akawa Mkuu wa Chuo hicho. Mwaka 1964 kilihamia katika eneo ambalo Watanzania wanalijua kwa jina la Mlimani.

Wanafunzi wa Mlimani waliishi maisha yaliyokuwa mbali sana na ya wazazi wao. Walikuwa na vyumba vizuri, chakula cha uhakika na wahudumu wa kuwasaidia, na kila mmoja alijua kuwa kazi yenye cheo ilikuwa ikimngoja. Gharama zote hizo zililipwa na taifa ambalo sehemu kubwa ya wananchi wake walikuwa wakulima wadogo wasiojua kusoma. Mwalimu aliufananisha uhusiano huo na kijiji chenye njaa ambacho wakazi wake wanampa kijana mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda kutafuta msaada mbali. Asiporudi na msaada, basi amewasaliti.

Ni katika mazingira hayo Serikali ilipoamua mwaka 1966 kuwa wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1963 kwa kujitolea. Utumishi huo ulikuwa wa miaka 2. Sehemu ya kwanza ilikuwa kambini, na katika muda uliosalia mhitimu angefanya kazi yake ya kawaida huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Wanafunzi walipinga. Hoja yao haikuwa nyepesi kama ilivyosimuliwa na baadhi ya watu baadaye. Walikubali kuwa nchi ilihitaji kujengwa, lakini walihoji kwa nini mzigo wa kujinyima uwekwe juu ya mabega ya vijana waliokuwa hawajaanza kupata chochote, wakati viongozi na watumishi wa ngazi za juu wakiendelea na mishahara minono na magari ya fahari. Tarehe 22 Oktoba, 1966 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamebeba mabango na kumsomea Rais tamko lao. Baadhi ya mabango yalithubutu kusema kuwa hali ilikuwa nafuu zaidi wakati wa ukoloni.

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akazungumza kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alikubaliana nao katika jambo moja, kwamba mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno ikilinganishwa na kipato cha mwananchi, na papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Lakini hakukubali kuwa wasomi waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wangeweza kuweka masharti ya kulitumikia taifa. Karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, walifukuzwa siku hiyo na kurudishwa vijijini kwa wazazi wao chini ya usimamizi wa polisi.

Kwa taifa lenye wasomi wachache kiasi kile, huo ulikuwa uamuzi wa gharama kubwa. Tanzania ilijinyima kwa muda sehemu kubwa ya madaktari, walimu na wanasheria wake wa baadaye, na familia zilizokuwa zimeweka matumaini yote kwa kijana mmoja zilimpokea akiwa hana cheti wala kazi. Mwaka uliofuata Mwalimu aliwasamehe na wakaruhusiwa kurejea masomoni. Wengi wa waliofukuzwa walikuja kuwa watumishi na viongozi wa taifa lile lile.

Kutoka mgogoro hadi sera

Tukio la Oktoba 1966 halikuishia katika adhabu. Tarehe 5 Februari, 1967, ikiwa ni miezi michache baadaye, TANU ilitangaza Azimio la Arusha, lililoweka miiko ya uongozi na kuwazuia viongozi kumiliki hisa katika kampuni, nyumba za kupangisha na kupokea mishahara zaidi ya mmoja. Kwa namna fulani, lile swali la wanafunzi kuhusu maisha ya viongozi lilikuwa limepata jibu. Mwezi Machi mwaka huo Mwalimu alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule ziwe na mashamba na karakana na mwanafunzi asijione amehamia katika tabaka jingine kwa sababu tu ameshika kitabu.

Tarehe 1 Julai, 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake kama chuo kikuu cha taifa, Mwalimu akiwa Mkuu wake wa kwanza, wadhifa alioushika hadi mwaka 1985. Mlimani ya miaka hiyo ilivutia wanazuoni kutoka pande nyingi za dunia, akiwamo mwanahistoria wa Guyana, Walter Rodney. Ilisomesha pia vijana waliokuja kuongoza mataifa yao, akiwamo Rais Yoweri Museveni wa Uganda. Mwalimu alikwenda mara kwa mara kujadiliana na wanafunzi na kupokea maswali magumu. Hata hivyo, uvumilivu wa Serikali ulikuwa na mipaka yake: mwezi Novemba 1970 umoja wa wanafunzi wanamapinduzi na jarida lao la Cheche vilipigwa marufuku.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilibadili kabisa njia ya kuingia Chuo Kikuu. Mwanafunzi alitakiwa kwanza kumaliza JKT na kufanya kazi kwa angalau miaka 2, kisha apate mapendekezo ya mahali pake pa kazi. Azimio hilohilo liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote, uliotekelezwa mwaka 1977. Sambamba na kampeni ya elimu ya watu wazima iliyopewa msukumo mpya mwaka 1970, sera hizo ziliifanya Tanzania kuwa mfano barani Afrika katika kufuta ujinga.

Mwezi Machi 1978 historia ilikaribia kujirudia. Wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakisema kuwa inakwenda kinyume na Azimio la Arusha. Safari hii hawakuwa wakitetea maslahi yao. Walikuwa wakitumia maneno ambayo Mwalimu mwenyewe aliwafundisha. Maandamano yalizuiwa na wanafunzi wapatao 350 walifukuzwa. Tofauti kati ya mwaka 1966 na mwaka 1978 ni somo ambalo wanahistoria wanaendelea kulipima: kizazi cha kwanza kililaumiwa kwa kukwepa deni la msomi, na cha pili kiliadhibiwa kikiamini kuwa kinalilipa.

Mwalimu na Dodoma

Dodoma iliingia katika maisha ya Mwalimu kwa njia ya jembe na tofali kabla ya kuingia kwa njia ya ramani za mipango miji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma ya kuwakusanya wananchi katika vijiji vya ujamaa, alipiga kambi Chamwino na kushiriki na wanakijiji kufyatua matofali ya kujengea nyumba. Ugogo ulikuwa eneo lililofahamika kwa mvua haba na njaa za mara kwa mara, na kwa mtu aliyeamini kuwa maendeleo yaanzie kwa aliye nyuma, hapakuwa na mahali panapofaa zaidi.

Tarehe 1 Oktoba, 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma ndani ya miaka 10. Sababu zilizotolewa zilikuwa wazi. Dodoma iko katikati ya nchi, penye makutano ya reli na barabara kuu za kaskazini na kusini, na tofauti na Dar es Salaam haikuwa mji uliokuzwa na bandari ya kikoloni. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka huohuo. Kupanda kwa bei ya mafuta, ukame na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979 vilichelewesha mpango huo, na Mwalimu aliondoka madarakani mwezi Novemba 1985 kabla haujakamilika. Uhamisho wa Serikali ulianza kutekelezwa kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji.

Mashariki ya mji, katika kilima cha Chimwaga, Chama Cha Mapinduzi kilikuwa na ukumbi wa mikutano. Mwaka 1995 Mwalimu, akiwa mstaafu, alishiriki hapo katika mkutano uliomteua Benjamin William Mkapa, msomi mwingine wa Makerere, kuwa mgombea wa Urais. Mwalimu alifariki dunia tarehe 14 Oktoba, 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini London kwa maradhi ya saratani ya damu, na kuzikwa kijijini kwake Butiama.

Miaka minane baada ya kifo chake, mwaka 2007, ukumbi wa Chimwaga ulikabidhiwa kwa matumizi ya elimu na kuwa kitovu cha Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichopangwa kuchukua wanafunzi 40,000 kitakapokamilika. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rais Mstaafu Mkapa. Leo ndaki za chuo hicho zimetapakaa juu ya vilima vinavyopigwa na upepo mkavu wa uwanda wa kati, na wanafunzi wasiopata nafasi katika mabweni hupanga vyumba katika makazi ya jirani kama Ng'ong'onha na Iyumbu, ambako wenyeji wanalima, wanafuga na kuendesha biashara ndogondogo zinazotegemea mihula ya masomo.

Maisha hayo yana tofauti kubwa na ya Makerere ya mwaka 1943. Mwanafunzi wa leo si mmoja kati ya wachache wa kuhesabika, na kazi haimngoji mlangoni. Gharama zake hazibebwi zote na taifa: tangu kuanzishwa kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2004, mnufaika anatakiwa kurejesha fedha alizokopeshwa, na mwenye ajira rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013, na kambi ya Makutupora mkoani Dodoma ni miongoni mwa zinazopokea wahitimu wa kidato cha sita.

Hivyo, deni alilolizungumzia Mwalimu limepata sura mbili. Moja linahesabika kwa shilingi, lina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. La pili halina stakabadhi. Ni lile la mwanafunzi wa udaktari atakayekubali kupangiwa zahanati ya Mpwapwa au Kondoa, la mhandisi atakayekumbuka kuwa maji ya bomba bado ni ndoto katika baadhi ya vitongoji anavyovipita akienda darasani, na la mwalimu atakayeingia darasa la kijijini kwa moyo ule ule ambao kijana wa Butiama aliingia nao darasani Tabora mwaka 1946.

Mwalimu Nyerere hakufanikiwa kuwashawishi wasomi wote wa zama zake, na si kila hatua aliyoichukua dhidi ya wanafunzi ilikosa wapinzani wenye hoja. Lakini alijiweka mwenyewe chini ya kipimo alichowapimia wengine: aliacha mshahara wa ualimu kwa ajili ya nchi, akapunguza mshahara wa Urais mbele ya wanafunzi waliomhoji, na akastaafu kwenda kulima kijijini kwake. Kwa vijana wanaojaza mabweni ya Dodoma, huo ndio urithi unaowahusu moja kwa moja, na kila kizazi cha wahitimu kinachoshuka kilima cha Chimwaga na shahada mkononi kinaulizwa upya swali lile lile.